Kwa nini rangi hubadilika picha inapotolewa kwenye video

PICHA ya marehemu inapohitajika kwa dharura kabla ya mazishi, familia isiyo na picha nzuri hugeukia video ya harusi au ya mahafali.

Lakini mara nyingi picha inayotolewa humo huwa imefifia kana kwamba imefunikwa na ukungu, au uso huwa na wekundu ambao mhusika hakuwa nao.

Wengi hulaumu kamera. Hata hivyo, mara nyingi tatizo huanza pale kompyuta inaposoma vibaya nambari zinazowakilisha rangi katika video.

Katika faili ya kawaida ya picha, weusi kamili hupewa nambari 0 na weupe kamili 255. Katika video nyingi, weusi huanzia 16 na weupe hukomea 235.

Programu isipobadilisha viwango hivyo, nyeusi huonekana kijivu na nyeupe huwa hafifu. Ikivibadilisha mara mbili, sehemu zenye kivuli hugeuka giza tupu na mikunjo ya gauni jeupe la bi harusi hupotea.

Aidha, video za mfumo wa zamani hufuata kanuni ya rangi ya BT.601, iliyopitishwa mwaka wa 1982, ilhali zile za HD hufuata BT.709 ya mwaka wa 1990. Programu ikitumia moja badala ya nyingine, rangi ya ngozi na ya majani hubadilika.

Kwa hivyo, ni bora kuitoa picha kwa programu ya kuhariri video inayotambua kanuni hizo, kuliko kuipiga picha skrini.

Picha ihifadhiwe kwanza kama PNG au TIFF. Faili ya JPEG hupoteza sehemu ya ubora kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, hivyo itengenezwe mwishoni, ikiwa na alama ya sRGB, mfumo wa rangi unaotambuliwa na vifaa vingi.

Picha zikiwa kadhaa, moja huteuliwa kuwa kielelezo. Rangi zake husawazishwa kwa kutumia kitu kinachojulikana kuwa cheupe, kama vile kola ya shati, kisha vipimo vivyo hivyo hutumiwa kwa picha nyingine zilizonaswa chini ya mwanga ule ule.

Kamera ikitoka kanisani na kuingia uani, kielelezo kipya huhitajika.

Amri ya kurekebisha rangi kiotomatiki huitazama kila picha peke yake. Mgeni aliyevaa kitenge chekundu akitokea, programu huweza kupunguza wekundu kote, na nyuso za walio karibu naye zikaelekea ukijani.

Marekebisho pia yawe ya kiasi. Video nyingi huhifadhi kipimo kimoja tu cha rangi kwa kila nukta nne za picha, na rangi ikiongezwa kupita kiasi, madoa hujitokeza kwenye kingo za uso na mavazi.

Picha zote zikaguliwe kwenye skrini moja, ambayo mwanga wake wa usiku umezimwa. Na kabla ya picha ya marehemu kupelekwa kuchapishwa, inafaa waliomfahamu waitazame, kwani programu haijui ngozi yake ilikuwa ya rangi gani.