Garissa: Kiwanda cha Maziwa Kipimwe Kuanzia Malishoni

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 nchini Kenya, wengi wao wakiwa Mandera, Wajir na Garissa. Utajiri huo bado haujazaa viwanda vya kutosha. Soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya makubwa Afrika Mashariki, huuza wanyama wakiwa hai. Ubani na manemane vya eneo hili navyo huondoka vikiwa ghafi. Maziwa ya ngamia yana afadhali, kwani yana vituo vya kukusanyia, matangi ya kupoozea na viwanda vidogo vya kuchemsha na kufungasha.

Mwenye kiwanda akitaka kujua kama anazalisha bila upotevu, kipimo cha kawaida ni fomu ya kaizen, yaani mfumo wa kuboresha kazi hatua kwa hatua. Mfumo huu ulikulia Toyota nchini Japani, ambako mhandisi Taiichi Ohno alitaja aina saba za upotevu, zikiwemo kusubiri, kasoro na akiba iliyozidi. Mkaguzi hupita akitazama: sakafu ni safi? Kila kifaa kina mahali pake? Ratiba imebandikwa ukutani?

Maswali hayo ni mazuri, ila Garissa hayatoshi. Ngamia hukamuliwa alfajiri, mbali na barabara, na kiangazi makundi husogea mbali zaidi. Maziwa ya wafugaji kadhaa humiminwa katika dumu moja, hupakiwa kwenye pikipiki, kisha husubiri gari kando ya njia katika joto linaloweza kupita nyuzi 35. Maziwa ya ngamia huvumilia joto kuliko ya ng'ombe, lakini dumu la plastiki ni gumu kusugua ndani, na maziwa machache yaliyochacha huharibu yote yaliyochanganywa nayo. Yakifika langoni hupimwa na kukataliwa. Hasara humwangukia mama mchuuzi aliyeyaleta, nacho kiwanda huandika kwamba hakina kasoro. Fomu inayokipa alama za juu kiwanda hicho inapotosha.

Kwangu mimi, vipimo vya maana ni vitatu. Ni saa ngapi hupita tangu kukamua hadi tangi la kupoozea? Katika kila lita 100 zinazoletwa, ngapi hukataliwa, na zimetoka njia ipi? Mashine hukaa siku ngapi kwa mwezi bila maziwa? Kupooza maziwa kunahitaji umeme. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, cha megawati karibu 55, kilizinduliwa Desemba 2019, lakini maziwa huharibika kule ambako nyaya za umeme hazijafika.

Kuhusu akiba, mkaguzi asiwe na haraka ya kuadhibu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili 2024 yaliikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi. Mwenye bohari la vifungashio na dizeli ya wiki kadhaa hapo hapotezi mali, anajikinga. Masika nayo huleta maziwa mengi kuliko mahitaji, na ngamia hasubiri oda. Kiwanda kinachogeuza ziada hiyo kuwa susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, ya kuuzwa kinastahili alama zake.

Serikali za kaunti, kabla hamjanunua mashine nyingine ya kufungasha, wapeni wakusanyaji makopo ya alumini na matangi ya kupoozea kando ya barabara, kisha mhesabu lita zinazokataliwa langoni.