SAMAKI MKUBWA WA MWAMBANI ASIPIGWE OVYO

Msomaji wa bara amjuaye samaki wa sahani tu, huenda hajui ya kuwa toka Malindi hata Shimoni sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba wa matumbawe, ambao ni kazi ya wanyama wadogo sana wajengao nyumba za chokaa. Baadhi ya wavuvi hupiga mbizi humo, wamevaa miwani ya maji, na mkononi wana mkuki au bunduki irushayo mshale kwa mpira.

Mwenye wavu hajui atakachopata. Mzamiaji humwona samaki kwanza, kisha humchagua. Naye humchagua mkubwa. Hapo ndipo penye hatari.

Mtazame chewa. Hukaa karibu na pango lake wala hana haraka, basi ni rahisi kumpiga. Lakini chewa wa namna nyingi huanza maisha yao wakiwa majike, na baada ya miaka kadhaa baadhi yao hugeuka kuwa madume. Apasuaye chewa wadogo wakati wa kuzaa huona mayai. Katika wale wakubwa sana mara nyingi huona mbegu nyeupe za kiume. Wakubwa wote wakiisha, majike hukosa madume ya kutosha.

Pono wengi hugeuka vivyo hivyo. Mtu mzito wa usingizi husemwa kuwa alala kama pono, na neno hilo ni la kweli: usiku pono hujificha mwambani, na wengine hujifunika utando wa ute, hata mwenye taa huwachoma bila taabu. Lakini mchana pono huparuza mwani unaosonga matumbawe machanga. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ya Kenya. Mwamba ulioumia hivyo wamhitaji sana pono.

Tena yuko kikande. Yeye hula wale wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu, ambao mguu ukiwakanyaga hujuta. Vikande wakivuliwa mno, wanyama hao huongezeka na kuutafuna mwamba. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, vikande ni wengi na wenye miiba ni wachache.

Kwa sababu kama hizi bunduki za samaki zilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Sheria hiyo ni nzito kwa kijana asiye na mashua, maana bunduki yake huitengeneza mwenyewe kwa ubao, mpira na chuma, nayo ndiyo chakula cha nyumbani. Lakini na akumbuke kwamba mwamba ndio ghala yake. Mwenye kula mbegu zote leo, msimu ujao atapanda nini?