Gitaa Lenye Damu ya Kenya

Mzazi wa Bujumbura asikiapo gitaa likinguruma chumbani mwa kijana wake, la kwanza alitamkalo ni amri ya kupunguza sauti. Ni haki yake, kwani majirani nao wanataka kulala. Lakini zipo kelele zenye maneno ndani yake. Mfano mmoja ni bendi ya Marekani iitwayo Rage Against the Machine, yaani Ghadhabu Dhidi ya Mtambo, ambayo mpiga gitaa wake ana asili ya Afrika Mashariki.

Tom Morello alizaliwa New York mwaka 1964. Baba yake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya. Mama yake, Mary Morello, Mmarekani, alikuwa mwalimu, na wawili hao walikutana huko Kenya. Baba alirejea kwao mtoto angali mchanga. Mama akamlea peke yake katika mji mdogo wa Libertyville, jimbo la Illinois, kwa mshahara wa ualimu, hata kijana akahitimu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1986. Wakati wazazi wengine wa Marekani walipodai santuri za vijana zidhibitiwe, mama huyu aliunda chama cha wazazi cha kuutetea muziki wa roki na wa kufokafoka.

Bendi ilianzishwa Los Angeles mwaka 1991. Zack de la Rocha alifoka maneno, Tim Commerford akapiga besi na Brad Wilk ngoma. Waliunganisha ufokaji na roki nzito, naye Morello akalifanya gitaa litoe milio kama ya santuri inayokwaruzwa kwa mkono. Jalada la santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1992, lina picha ya mtawa wa Kibudha, Thich Quang Duc, aliyejichoma moto mjini Saigon mwaka 1963 kupinga kuonewa kwa watu wa dini yake. Matusi yamo katika baadhi ya nyimbo, na mzazi hana haja ya kuyasifu.

Mwaka 1996 walitundika bendera za Marekani juu chini katika studio ya televisheni. Bendera zikaondolewa, nao wakafukuzwa baada ya wimbo mmoja. Mwaka 2000 walipiga muziki mbele ya Soko la Hisa la New York, na milango ya soko ikafungwa.

Mrundi hastaajabu kusikia kwamba ala ya muziki ina siasa. Katika Kirundi neno ingoma hutaja ngoma na pia ufalme, na UNESCO iliiorodhesha sanaa ya ngoma hizo za kifalme mwaka 2014. Tofauti ni kwamba katika ingoma mamlaka ndiyo yaliyonena. Katika gitaa la Morello anenaye ni mtawaliwa.

Je, nini kimebaki? Hapa pana jambo chungu. Santuri za ghadhabu hiyo ziliuzwa na kampuni ya Sony, mtambo mkubwa kweli kweli. Krismasi ya mwaka 2009 Waingereza waliununua kwa wingi wimbo wao wa mwaka 1992 ili kumshinda mshindi wa shindano la televisheni, wakafaulu. Lakini wimbo ulioshindwa nao ulikuwa mali ya Sony! Mwaka 2012 ilijulikana kwamba Paul Ryan, mgombea mwenza wa urais wa chama cha Republican, aliipenda bendi hiyo. Morello alimjibu gazetini kwamba yeye ndiye mtambo wenyewe. Mdundo husafiri upesi kuliko maneno, na kijana wa Buyenzi au Bwiza ausikiaye wimbo huo kwa Kiingereza aweza naye kubaki na mdundo mtupu, asipoulizwa nyumbani kinachosemwa ni nini.

Hata hivyo, fedha za Krismasi ile bendi ilizitoa kwa shirika la kuwasaidia wasio na makazi, na mwaka 2010 ikawapigia watu wa London onyesho la bure. Iliingizwa katika Jumba la Heshima la Roki mwaka 2023, akahudhuria Morello peke yake. Januari 2024 Wilk alitangaza kwamba bendi haitapanda jukwaani tena.