Uteuzi wa Kazi za Sanaa katika Majengo ya Makazi Uzingatie Haki za Wamiliki na Wasanii

Katika majengo mengi ya ghorofa ya makazi jijini Dar es Salaam, ukumbi wa mapokezi, ngazi na ujia unaoelekea milangoni mwa wakazi hupambwa mwisho kabisa, fedha zikiwa zimekwisha. Matokeo yake ni picha za kuchapishwa za milima yenye theluji na miji ya Ulaya, katika jiji lenye wachoraji wa Tingatinga Oysterbay na Kijiji cha Vinyago Mwenge.

Kabla ya kuchagua picha, wakazi hawana budi kujua ukuta ni wa nani. Kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo Na. 16 ya mwaka 2008, kila mmiliki ana sehemu yake, ilhali maeneo ya pamoja humilikiwa na wote kwa hisa. Kwa hiyo, mchoro ulionunuliwa kwa michango ya wote haupaswi kuchaguliwa na mwenyekiti peke yake. Ni vyema kamati ilete mkutanoni mapendekezo mawili au matatu pamoja na bei, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Maandishi hayo huonekana jambo dogo hadi siku mmoja wao anapohama na kudai kuwa kinyago cha mapokezi ni chake.

Kuhusu uchaguzi wenyewe, mtindo wa Tingatinga unafaa sana mahali pa kupita. Mwasisi wake, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, na alifariki dunia mwaka 1972. Rangi hiyo inayong'aa huonekana vizuri kutoka mbali, hata kwenye ngazi zenye mwanga hafifu, na hufutika vumbi kwa kitambaa laini. Hata hivyo, michoro mingi sokoni hurudia twiga na pundamilia wale wale. Kamati yenye subira humwagiza msanii achore mtaa wao, soko lao au ufukwe wao, na humpa muda wa kutosha.

Kwa upande wa vinyago vya Wamakonde, ule mtindo wa ujamaa, ambao watu waliobebana huchongwa katika gogo moja, unafaa ukumbi wa mapokezi kuliko pambo lolote la dukani. Mnunuzi awe macho: baadhi ya wauzaji hupaka miti myepesi rangi ya viatu na kuiita mpingo. Mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini. Aidha, kinyago kisiwekwe mbele ya kiyoyozi, kwani ukavu wa ghafla hukipasua, na michoro isitundikwe panapopigwa na jua la mchana.

Jambo linalosahaulika zaidi ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda michoro na vinyago, na kununua mchoro si kununua hakimiliki yake. Jengo linaruhusiwa kuutundika. Kuupiga picha na kuuchapisha katika vipeperushi vya kupangisha nyumba ni jambo jingine, linalohitaji idhini ya msanii. Vivyo hivyo kwa picha zinazopakuliwa mtandaoni na kuchapishwa kwenye turubai ili kupunguza gharama: anayenyimwa malipo hapo ni mchoraji.

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Utaje bei, malipo ya awali, tarehe ya kukabidhi, matumizi yanayoruhusiwa, na nani atagharamia matengenezo kazi ikiharibika. Pembeni mwa kila kazi kiwekwe kibandiko chenye jina la msanii, mwaka na malighafi iliyotumika, ili mgeni anayesubiri lifti ajue amtafute nani akitaka ya kwake.