Upupu au thabai? Ujue kilichomchoma mtoto kabla ya kumpaka dawa

Ikiwa unaishi Kariokor, Ziwani au mtaa wowote ulio karibu na Mto Nairobi, huenda umewahi kumwona mtoto akija mbio kutoka mtoni, mpira kauacha huko huko, miguu imefura vivimbe vyeupe na machozi yanamtiririka. Jirani wa kwanza atakuambia umpake mafuta taa. Wa pili atataja dawa ya meno. Wa tatu atakuja na majivu ya jikoni. Wote watakubaliana kuwa ni upupu, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa maana jina hilo hubebeshwa mimea miwili isiyo na undugu wowote, na kila mmoja una tiba yake.

Mmea wa kwanza ni ule ambao Wakikuyu huuita thabai na wataalamu wa mimea huuita Urtica massaica. Ni mmea wa nyanda za juu, na Nairobi, ambayo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, si ugenini kwake. Hupenda udongo wenye unyevu na mbolea nyingi: kingo za mito, mazizi yaliyohamwa, nyuma ya majaa ya taka. Majani na shina lake vina vinywele vinavyofanya kazi kama sindano. Ncha ya kila kinywele ni ngumu lakini huvunjika upesi kama kioo. Ikigusa ngozi hukatika, na maji yaliyomo hupenya ndani. Katika maji hayo mna histamini, kemikali ile ile ambayo mwili wenyewe huitoa mtu anapopatwa na mzio, pamoja na nyinginezo zinazochoma.

Sasa, mtoto akichomwa na thabai, jambo la kwanza ni kumzuia mikono. Asijikune wala asisugue, kwa kuwa kusugua huvunja vinywele vilivyosalia na kusukuma sumu ndani zaidi. Subiri dakika kama 10 hivi majimaji yakauke. Kisha bandika utepe wa gundi juu ya mahali palipochomwa, uung'oe, ubandike mwingine. Vinywele vitatoka navyo. Osha kwa sabuni na maji baridi. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi hutuliza, na losheni ya kalamini husaidia. Kwa sababu histamini imo, tembe za kutuliza mzio zinaweza kupunguza mwasho. Muulize mfamasia kipimo kinachomfaa mtoto wa umri wake. Maumivu aghalabu huisha baada ya saa chache, au siku moja hivi.

Mmea wa pili ndio upupu wenyewe ambao watu wa Pwani wanaujua vizuri. Jina lake la kitaalamu ni Mucuna pruriens, mtambaa wa jamii ya maharagwe unaopenda joto. Hapa majani si tatizo kubwa. Hatari iko kwenye maganda, yaliyovaa manyoya ya rangi ya kahawia ambayo hung'oka hata kwa upepo. Hauoti kando ya soko la Kariokor, lakini manyoya yake yaweza kusafiri ndani ya mzigo wa kuni au gunia la makaa, au mfukoni mwa mwanafunzi mtundu anayetaka darasa zima likimbie.

Manyoya hayo yana kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho huamsha mishipa ya fahamu ya mwasho bila kupitia njia ya histamini. Ndiyo sababu mtu humeza tembe za mzio na bado akaendelea kujikuna kama mwehu. Dawa ni kuyaondoa manyoya. Mtoe mgonjwa mahali hapo, avue nguo zote nje ya nyumba bila kuzikung'uta, nazo zifuliwe peke yake. Tumia utepe wa gundi, au donge la unga uliokandwa, ulibonyeze juu ya ngozi na kuliinua. Baadaye mwagie maji mengi kwa sabuni. Usitumie taulo kusugua.

Na yale mafuta taa? Huwasha ngozi yenyewe, na chupa ikiachwa wazi mtoto mwingine atayanywa. Dawa ya meno ina ubaridi wa mnanaa, basi. Majivu hayavuti sumu, na juu ya ngozi iliyochunwa kwa kucha huleta uchafu tu. Tusijione washamba, lakini: hata Uingereza watoto husugua jani la mmea mwingine wa porini, na wataalamu hawajapata ushahidi thabiti kuwa linatibu.

Iwapo manyoya yameingia jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Na kama midomo au uso unavimba, sauti inakwama au pumzi inakuwa fupi, usingoje utepe wala losheni. Tafuta gari mara moja.

Wengi wenu mnaila thabai kwenye mukimo bila kudhurika, maana kuchemsha na kukausha huua mchomo wake. Wakati wa kuichuma na kuiosha ndipo glavu zinapohitajika. Ila anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda amwone daktari kabla ya kuanza kunywa unga wa thabai kila siku, kwani majani hayo yana vitamini K kwa wingi, nayo hupunguza nguvu za dawa hiyo.