Nani Humteua Mgombea Kabla Yetu?

Siku ya kura mzee wa Fizi na mama auzaye ndagala Baraka huzitazama sura za wagombea, wakidhani kwamba uchaguzi ndio unaanza. La! Uchaguzi wa kwanza umekwisha kufanyika, nao hawakuwapo.

Zamani za chama kimoja jambo hilo halikufichwa. Mwaka 1970 MPR, chama cha pekee, kiliandika orodha moja tu, raia waikubali au waikatae. Mwaka 1975 wabunge walipitishwa kwa makofi na vigelegele. Ilipofika 1977 ndipo wanachama waliporuhusiwa kushindana wao kwa wao.

Leo vyama ni tele. Mwaka 2006 watu zaidi ya 9,000 waligombea viti 500 vya bunge. Mwaka 2011 wakazidi 18,000. Wingi huo usitudanganye. Ni nadra chama kuwakusanya wanachama wake wa Baraka au Ubwari wamteue mgombea kwa kura. Orodha hutengenezwa na wakubwa, mara nyingi huko Kinshasa. Tena sheria ya mwaka 2022 hukataa orodha za chama kisichoweka wagombea kwa walau 60 kwa mia ya viti vyote; basi majina hutafutwa mbio mbio, ili mradi nafasi zijae.

Lililo zito ni hili. Kura umpayo mtu huhesabiwa pia kwa orodha yake. Na tangu uchaguzi wa 2018, chama kisichofikisha 1 kwa mia ya kura za nchi nzima hakiingii katika mgao wa viti. Kwa hiyo mtu mwema wa chama kidogo hana budi kujificha chini ya muungano wa vyama asivyovijua vema, na kura zetu humfuata huko.

Kila mgombea huja pia na watu wawili wa kushika nafasi yake. Mbunge akifanywa waziri, wa kwanza wao huketi bungeni; si ajabu akawa mke, mtoto au ndugu yake. Kuhusu wanawake, sheria hiyo ya 2022 huisamehe dhamana orodha ambayo nusu yake ni wanawake. Heri wangewekwa kwa kuaminiwa, si kwa kuokoa fedha!

Basi mgombea akija kijijini na fulana zake, akina baba na akina mama wamwulize kwa adabu: Ni nani aliyekuandika? Muungano wako ni upi? Na hao wawili nyuma yako ni akina nani?