Mwanao akisema anakwenda msituni kuhesabu ndege

Binti yangu alituambia habari ile jikoni, akiwa anamenya viazi.

"Mama, Jumatatu ijayo tunaanza fildi. Wiki tatu. Msituni."

Baba yake, aliyekuwa sebuleni akiangalia taarifa ya habari, akapunguza sauti ya televisheni. "Msituni kufanya nini?"

"Kuhesabu ndege, baba. Kuorodhesha mimea, kupanda miti na kung'oa magugu."

Nyumba ikawa kimya. Kisha mzee akasema maneno ambayo nadhani wazazi wengi wa hapa Segerea wangeyasema: "Kung'oa magugu si ungekwenda kwa bibi yako Muheza? Kule hakuna ada."

Mtoto hakujibu. Aliendelea kumenya viazi, lakini niliona macho yanalenga machozi. Usiku ule baba yake aliniambia waziwazi kwamba anafikiria kumzuia. Nyoka, malaria, wavulana, na kazi yenyewe haieleweki. Mimi nilikuwa na hofu hizohizo, ila sikuzisema.

Kilichotuzuia kufanya kosa ni swali moja nililomuuliza binti kesho yake asubuhi: asipokwenda, inakuwaje? Akasema mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya masomo, yana alama zake, na bila hayo hawezi kuhitimu. Hata Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ina fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake. Kumbe tulichokuwa tunakiita matembezi ni darasa.

Tukakubaliana na baba yake kwamba ataenda, lakini nami nitafika siku moja kuona kwa macho yangu.

Alfajiri ya Pugu

Sehemu ya kwanza ya mafunzo yao ilikuwa msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe. Kwa sisi wa Segerea si safari ya kulala njiani. Niliondoka usiku, nikafika kabla jua halijachomoza.

Niliwakuta vijana wameshaamka. Wengine walikuwa wanafungua nyavu nyembamba sana, zilizosimamishwa kwenye nguzo katikati ya miti. Ukiwa mbali kidogo huzioni, na ndege naye hazioni. Nyavu zinafunguliwa mapema kwa sababu saa hizo ndege wengi wanatafuta chakula, na jua likiwa kali ndege aliyenasa anaweza kufa. Ndiyo maana kila baada ya muda mfupi mtu lazima azunguke kukagua. Hakuna kusema nitakwenda baadaye.

Nilimwona binti yangu akimtoa ndege kwenye wavu. Huyu ni mtoto ambaye nyumbani huwa anapiga kelele akiona mjusi. Alimshika kwa vidole viwili shingoni, bila kubana, akamweka kwenye mfuko mdogo wa kitambaa na kumpima. Alikuwa chozi, yule ndege wa mdomo mwembamba uliopinda anayefyonza maua. Uzito wake ni gramu 10 hivi, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari.

Akapima bawa, akatazama manyoya, mwenzake akaandika. Kisha akamvalisha pete ndogo yenye namba mguuni, akafungua kiganja. Ndege akaruka.

"Akikamatwa tena mwakani au baada ya miaka mitano, mama, ile namba itatuambia ameishi muda gani na kama bado yuko hapahapa," akaniambia.

Mwalimu wao aliikagua karatasi akakuta namba moja imeandikwa vibaya. Hakugomba. Alisema tu kwamba namba iliyokosewa ni mbaya kuliko namba isiyoandikwa, kwa sababu kuna mtu ataiamini. Nikaona wote wanarudi kukagua karatasi zao upya. Fundisho hilo nisingeweza kumpa mtoto wangu mezani.

Si ndege peke yao

Baada ya chai ilikuwa zamu ya mimea. Wanafunzi walitandika kamba chini na kutengeneza kiboksi cha mita moja kwa mita moja. Ndani ya kiboksi hicho walihesabu kila mmea, hata ule unaochipua. Ua dogo ambalo mimi ningelikanyaga bila kujua lilipigwa picha, likachorwa na kuandikwa jina lake.

Nikauliza kwa nini wahangaike na viua vidogo hivyo. Jibu likawa rahisi: chozi anafyonza maua, nyuki anafyonza maua, na bila wao miti mingi haizai mbegu. Ukiondoa maua ya chini ya msitu, umeshaanza kuuondoa msitu wenyewe.

Tanzania ina historia na maua ya namna hii. Ua dogo la zambarau linaloitwa Saintpaulia, ambalo leo linauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, asili yake ni misitu yetu. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani kutoka Tanga mwaka 1892. Wao wanalimwagilia nyumbani, huku kwetu baadhi ya aina zake za porini ziko hatarini kutoweka kwa sababu misitu inakatwa. Kule nyanda za juu kusini, Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, inalindwa hasa kwa ajili ya maua yake. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu.

Mchana walikwenda kwenye kitalu. Walijaza udongo kwenye viriba, wakahamisha miche ya miti ya asili, wakang'oa vichaka vya magugu vinavyoziba miche iliyopandwa zamani. Mikono ilichubuka. Kijana mmoja alivamiwa na siafu akavua buti mbele ya watu wote, tukacheka mpaka tukachoka.

Bibi wa Muheza alijua

Wiki ya mwisho walikwenda Amani, wilayani Muheza, kwenye hifadhi ya mazingira asilia iliyoanzishwa mwaka 1997. Huko huja wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika na Ulaya kujifunza pamoja. Misitu ya Usambara ina ndege na mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani.

Huko binti alikutana na kisa cha mti unaoitwa mhesi. Wataalamu wa misitu waliupanda Usambara karne iliyopita kwa nia njema kabisa, kwa sababu unakua haraka. Ndege aina ya hondohondo wakayapenda matunda yake, wakabeba mbegu na kuziangusha ndani ya msitu wa asili. Mti ukasambaa na kuchukua nafasi ya miti ya asili. Vijana walikwenda kupima ni wapi umefika na ni nini kinaota chini yake.

Alipompigia simu bibi yake kumweleza, bibi akasema habari ya mhesi anaijua tangu ujana wake. "Sisi tuliona, mjukuu wangu, lakini hakuna aliyekuja kutuuliza." Binti akaliandika neno hilo kwenye daftari lake. Baba yake, aliyekuwa ametania habari ya kwenda kwa bibi, akabaki anatabasamu.

Inatuhusu nini sisi wa Segerea?

Hapa ndipo nilipoguswa zaidi. Mto Msimbazi, huu unaopita bondeni karibu na kwetu, unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Unakatiza jiji na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Miti ya juu ikikatwa, mvua haina kinachoipunguza kasi. Inashuka na udongo, mto unajaa mchanga, na maji yanatafuta nyumba za watu. Hatujasahau Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu wasiopungua 40 katika jiji hili. Sababu za mafuriko ni nyingi, pamoja na ujenzi mabondeni na taka tunazotupa mitoni, lakini msitu uliokatwa ni mojawapo.

Na nani anaukata? Nilitembea na vijana mpaka mahali palipokuwa na duara jeusi ardhini. Ni alama ya tanuri la mkaa. Nikakumbuka gunia langu lililoko nyuma ya nyumba. Sijawahi kumuuliza muuzaji limetoka wapi.

Msitu huu wa jirani ni makazi ya komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku anayepatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Yumo pia sange, yule mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Wanangu wanamjua simba kwa picha, lakini hawa majirani zao hawakuwa wakiwajua.

Mzazi, uliza haya kabla ya kuruhusu

Kukubali hakumaanishi kufumba macho. Haya ndiyo tuliyouliza sisi:

Nani anasimamia? Pata jina na simu ya mwalimu, na uhakikishe kuna barua ya chuo na kibali cha kuingia hifadhini.

Wanalala wapi? Mabinti wawe na sehemu yao salama, na katika wasimamizi awepo mwanamke. Mwambie mtoto wako mapema, wa kike au wa kiume, kwamba hakuna alama zinazolipwa kwa mwili wake. Akisumbuliwa, akupigie saa yoyote, hutamgombeza.

Wakiugua je? Uliza hospitali ya karibu ni ipi na gari lipo. Kama mtoto ana pumu, mzio au dawa za kila siku, mwalimu ajue.

Amebeba nini? Mabuti ya mpira, suruali ndefu, soksi nzito za kuzuia kupe, chandarua, tochi, koti la mvua na chupa ya maji. Vingi tulivipata mitumbani kwa bei ya kawaida.

Na ajira? Hakuna anayeweza kukuahidi. Lakini wahifadhi, waongoza watalii, watafiti na walimu wanatoka huku. Chuo cha Mweka kimefundisha wahifadhi tangu mwaka 1963. Mwajiri anayetaka mtu wa porini huuliza kwanza: umefanya kazi wapi?

Alivyorudi

Alirudi amekonda kidogo, amekuwa mweusi kwa jua, na buti zimejaa matope mekundu. "Shikamoo baba." "Marahaba. Haya, lete hizo hesabu za ndege."

Walikaa kibarazani mpaka giza likaingia, yeye anafungua daftari, baba yake anauliza. Kesho yake asubuhi nilimkuta mzee amesimama uani chini ya mwembe na kikombe cha chai, anatazama juu.

"Yule pale ni chozi?" akaniuliza.

Sikuwa na uhakika. Tukamwamsha mtoto.

Nami gunia lile la mkaa lilipoisha sikununua jingine. Serikali inalenga asilimia 80 ya kaya zitumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mtungi wa gesi ni mzigo kwenye mfuko, sitadanganya. Maharage bado yananipa shida, nayaloweka usiku kucha ili yaive haraka. Lakini nimeliona lile duara jeusi, na nimemwona mwanangu akipanda miche kando yake. Siwezi tena kumtuma apande huku mimi nanunua kilichokatwa.